Bibi Hakusema Kwamba Walihama

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo asubuhi, na bati la ukumbi wa Baraza limepiga kelele mpaka Mwenyekiti akashindwa kusoma. Tulikaa tukitazamana kama dakika kumi, mafaili magotini, hadi ikapungua.

Alikuwa anasoma Kanuni mpya za kusikiliza mashauri ya wenyeji wa asili. Ni kurasa arobaini na moja. Nilizipiga chapa mimi mwenyewe mara nne, maana mzee huyu hana dogo linapokuja suala la alama za uandishi. Sisi makarani tunamwita Koma, ila si mbele yake. Lakini Kanuni zenyewe nilizipenda. Zimeandikwa kwa ajili ya watu ambao wazee wao hawakuacha hati wala ramani. Shahidi ataongea kwa lugha yake, amekaa kama anavyotaka, kwa urefu anaotaka, na neno lake la mdomo lina uzito sawa na karatasi. Hatashurutishwa kusimulia msiba wake.

Shauri la kwanza ni la watu wa bondeni dhidi ya kampuni ya mbao. Bonde lote sasa ni miti ya kampuni. Wadai wanasema ni kwao.

Mwenyekiti alipofika kanuni ya sita aliinua macho. Mtumishi yeyote wa Baraza mwenye undugu na upande wowote alitamke hilo mbele ya wote kabla shauri halijaanza. Akatuzungushia macho: mlinzi wa mlangoni, dereva, mimi.

"Hakuna?"

Nilikuwa nachonga penseli.

Mama yangu ni wa bondeni.

Jumanne, 4 Machi

Sentensi ile ya mwisho ya jana nimeitazama leo kama iliyoandikwa na mtu mwingine.

Mama aliletwa mjini akiwa mtoto, na shangazi yake, ili asome. Ndivyo tulivyoambiwa, na sikuwahi kuuliza zaidi. Lugha yake alinifundisha mpaka nilipofika darasa la tatu. Siku moja wenzangu walinisikia naongea naye kwenye geti la shule, wakaniita "majani", jina ambalo watu wa mjini huwaita watu wa bondeni. Jioni ile nikamwambia asiniongeleshe tena vile. Hakuniongelesha tena, hata nyumbani. Sasa anakaa nami, kwenye chumba cha uani, na namsikia akiongea lugha yake peke yake anapofua. Mimi hupitiliza kama sijasikia.

Ningetamka jana, ningeondolewa kwenye shauri. Na nafasi ya karani mkuu inaamuliwa mwezi wa sita. Nimejiambia kwamba undugu wa mtu aliyetoka huko utotoni si undugu. Nimejiambia mara nyingi, kwa hiyo najua siamini.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua. Barabara ya bondeni imekatika, wadai hawakufika. Nimepanga mafaili.

Jumatatu, 17 Machi

Mkalimani ameapishwa. Ni mwalimu mstaafu aliyefundisha shule ya watu wa bondeni miaka kumi na minane, mtu mpole, mwenye kikohozi. Wote tunamwita Mwalimu. Alikula kiapo kwa sauti kubwa kama anayeita majina ya wanafunzi.

Baada ya kikao nilimsikia akiwasalimia wadai kwa lugha yao. Anaijua. Lakini anaiongea kama mtu anayetembea na viatu vya kuazima: maneno yote yanafika, sauti zake haziinuki wala hazishuki. Wadai walimjibu kwa furaha. Wameshamzoea.

Jumanne, 25 Machi

Naandika bila kuruka kitu.

Shahidi wa kwanza alikuwa bibi mmoja, mkubwa wa wadai wote. Alikuja na mpwa wake, muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye msemaji wao, lakini naye ni shahidi, hivyo akangoja nje na wenzake wote. Bibi alikataa kiti, akakaa kwenye mkeka aliokuja nao, na Mwenyekiti akamruhusu kwa mujibu wa Kanuni. Wakili wa kampuni, binti mtaratibu mwenye miwani, hakupinga.

Bibi aliongea saa mbili. Alitaja vijito vya bonde kimoja baada ya kingine kuanzia juu kushuka chini, kama mtu anayehesabu watoto wake kabla ya kufunga mlango. Alitaja makaburi. Alitaja mahali kila nyumba ilipokuwa na mlango wake ulitazama wapi. Mwalimu alitafsiri, mimi nikaandika. Mkono ulikufa ganzi lakini sikutaka aishe. Niliielewa kila sentensi mara mbili, ya Bibi kwanza, kisha ya Mwalimu.

Halafu Mwenyekiti akauliza swali ambalo shauri lote limelala juu yake. Kwa sheria yetu, waliohama kwa hiari yao hawana dai. Waliohamishwa wanalo.

"Mwulize Bibi, ilikuwaje wakatoka bondeni?"

Bibi akasema sentensi moja tu. Katika lugha ya Mama, kuondoka na kuondolewa ni neno lile lile. Ukishusha sauti mwishoni umeondoka mwenyewe, ukipandisha umeondolewa. Bibi alipandisha. Alipandisha mpaka sauti ikakatika.

"Tuliondolewa mvua zilipoanza," alisema, "mwaka aliokufa kaka yangu." Akafunika uso kwa khanga.

Mwalimu akakohoa. "Tuliondoka mvua zilipoanza, mwaka aliokufa kaka yangu."

Kalamu yangu ilisimama. Nilimtazama Mwenyekiti. Alikuwa akimtazama Bibi kwa huruma. "Kanuni zinatukataza kumshurutisha," akasema taratibu. "Tuishie hapo."

Ipo kanuni ya kumi na nne. Tafsiri ikitiliwa shaka, mtu yeyote aliyemo ukumbini anaweza kuinua mkono, na kikao kitasimama. Mtu yeyote, hata mlinzi. Lakini shahidi akishaweka kidole gumba, maneno yake yamefungwa.

Niliandika "tuliondoka".

Mwalimu alimsomea Bibi maelezo yake yote kwa lugha yake, harakaharaka maana saa ya chakula ilikuwa imepita. Alipofika neno lile alilitamka bapa, si juu si chini. Bibi akatikisa kichwa kukubali. Kwa nini asikubali? Miaka kumi na minane Mwalimu ameyatamka maneno yao hivyo hivyo, nao wanamwelewa na kumsamehe.

Kazi ya wino ni yangu. Nilipiga magoti kwenye mkeka, nikashika kidole chake. Kilikuwa cha moto kama cha mtoto mwenye homa. Akaniinamia na kuniuliza kwa lugha yake, kwa sauti ndogo:

"Binti, yameingia yote?"

Nikamtabasamia kama unavyomtabasamia mtu usiyemwelewa. Nikakibonyeza kidole kwenye karatasi.

Jumatano, 26 Machi

Sijasema.

Ijumaa, 28 Machi

Sijasema. Nimemkuta Mwalimu kwenye kibanda cha chai, akanisukumia kiti. "Bibi yule ana kumbukumbu, eh!" akasema. "Nilimfundisha mpwa wake kusoma. Nataka washinde." Ana nia njema mtu huyu. Ndiyo inayoniumiza. Kama angekuwa mla rushwa, ningekuwa na wa kumchukia mbali na mimi mwenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maji yameingia kwenye chumba cha kumbukumbu, tumeinua mafaili ya chini. Faili la bonde nimeliweka juu kabisa.

Mama ameniuliza mbona nimekonda. Nikasema kazi. "Kazi gani hiyo, mwanangu, isiyokupa nafasi ya kula?" Nikamwambia ni mafaili tu.

Jumatatu, 14 Aprili

Wakili wa kampuni amewasilisha hoja zake, na alihitaji dakika kumi na tano tu. Akanyanyua maelezo ya Bibi, maandishi yangu, akasoma: "'Tuliondoka mvua zilipoanza.' Mheshimiwa Mwenyekiti, hatuna la kuongeza. Shahidi wao mkuu anasema waliondoka."

Mpwa alisimama kabla hajaruhusiwa. "Hakusema hivyo! Hawezi kuwa alisema hivyo!"

"Ulikuwepo ukumbini?"

"Nilikuwa nje na mashahidi wengine. Ndivyo Kanuni zinavyotaka."

"Mwalimu?" Mwenyekiti akauliza.

Mwalimu alisimama, akashika ukingo wa meza. "Mimi nilitafsiri nilichosikia, Mheshimiwa."

Hakudanganya. Ndicho alichosikia. Mashine ya kurekodi sauti tumeahidiwa tangu mwaka juzi. Kwa hiyo watu waliosikia kitu kingine siku ile, ukimwondoa Bibi, ni mmoja.

Jumatano, 16 Aprili

Nimesema.

Nilimkuta Mwenyekiti ofisini, anakausha soksi kwenye kiti. Nikafunga mlango. Nikamwambia yote bila kupumzika: neno, sauti, Mama, kanuni ya sita, kanuni ya kumi na nne.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alivua miwani akaiweka juu ya meza.

"Ulikuwa umekaa wapi siku ile?"

"Mkono wako wa kushoto, Mheshimiwa. Kama siku zote."

"Hatua moja."

"Ndiyo."

"Ungenigusa bega tu, mama. Nisingekuuliza hata umejuaje. Ningesimamisha kikao, Bibi angerudia neno lake, tungeenda kula." Akageuza soksi kwenye kiti. "Sasa nitamwita tena, na itabidi na wewe uapishwe. Na wewe ndiye ushahidi wao, na wewe ndiye utakayeuharibu. Unaliona hilo?"

Nililiona. Nimelitazama wiki tatu.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo nimeuona ukumbi kutoka upande wa pili. Kutoka kiti cha shahidi, meza ya karani ni ndogo sana.

Bibi alitangulia, na mkalimani mpya aliyeazimwa kutoka mkoa mwingine. Safari hii alilisema neno lile mara tatu, akipandisha sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto, na likatafsiriwa sawasawa. Lakini wakili alikuwa na kazi nyepesi.

"Bibi, shikamoo. Mwezi uliopita maelezo yako yalisema mliondoka. Ukasomewa, ukakubali, ukaweka kidole. Leo unasema mliondolewa. Katikati hapo umeongea na watu wako?"

"Nimeongea nao. Ningenyamaza vipi na watu wangu?"

"Wamekueleza kwamba neno lile lingewafanya mshindwe?"

"Wamenieleza."

"Asante, Bibi. Sina swali jingine."

Bibi aligeuka huku na huku, akitafuta amekosea wapi. Jibu la kweli lilikuwa limemponza, na hakuna aliyeweza kumwonyesha ni wapi.

Kisha mimi. Wakili alinisogelea. Hakuwa na ukali wowote.

"Dada, mama yako ni mtu wa wapi?"

"Wa bondeni."

"Tarehe tatu Machi ulilitamka hilo, kama kanuni ya sita inavyotaka?"

"Hapana."

"Kwa hiyo tarehe tatu ulificha. Tarehe ishirini na tano ulisikia kosa?"

"Nilisikia."

"Ukainua mkono?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

"Niliandika. Nikaleta wino."

"Ukashika kidole cha Bibi mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ukijua kwamba kilichoandikwa si alichosema?"

"Ndiyo."

"Basi, dada, Baraza likuamini ulipoandika, au likuamini leo?"

Mkalimani alikuwa akimnong'onezea Bibi kila neno, kama Kanuni zinavyotaka. Nilimwona Bibi akinigeukia. Aliniuliza moja kwa moja, bila kumngoja Mwenyekiti:

"Kumbe siku ile ulinielewa?"

Nikamjibu kwa lugha ya Mama. Ni miaka thelathini na tano tangu niitumie mbele za watu. "Nilikuelewa, Bibi."

Bibi akavuta mkeka wake, akasogea mbali kidogo na kiti changu.

Jumanne, 29 Aprili

Nimesimamishwa kazi. Barua imeandikwa vizuri, koma zote mahali pake.

Jumatatu, 12 Mei

Nipo nyumbani. Mama anadhani ni likizo. Amefurahi kunipata mchana, ananipikia kama mgeni. Mvua zinapungua.

Nilidhani nikikaa bila kazi nitafikiria kazi. Nafikiria namna Bibi alivyosogeza mkeka.

Alhamisi, 15 Mei

Mwalimu alinitembelea, akaacha viatu vyenye matope mlangoni. Amejiuzulu ukalimani. "Miaka kumi na minane walikuwa wananionea haya kunisahihisha," alisema. "Nikadhani naijua." Tulikaa. Kosa lake ni la sikio, na langu si la sikio.

Jumatatu, 26 Mei

Uamuzi umetoka. Dereva amenipigia.

Baraza linasema haliwezi kujua kwa yakini ni neno lipi lilitamkwa tarehe 25 Machi. Kwamba maelezo ya pili yalitolewa baada ya wadai kujua athari za yale ya kwanza. Kwamba karani aliyetaka kuyasahihisha alikuwa ndugu aliyejificha. Dai la ardhi limekataliwa. Wadai wataruhusiwa kuzuru makaburi yao mara mbili kwa mwaka, kwa kuipa kampuni taarifa siku kumi na nne kabla.

Ipo pia aya inayosema kila shauri litakuwa na wakalimani wawili kuanzia sasa. Watakaofuata watanufaika.

Jumamosi, 31 Mei

Mwenyekiti amepiga simu mwenyewe. Kanuni ya thelathini inataka uamuzi usomwe kwa wadai, mahali wanapoishi, kwa lugha yao. Mwalimu hayupo, yule wa kuazimwa amerudi kwao.

"Nimeuliza pande zote mbili kama wanakukubali wewe," akasema. "Kampuni haina pingamizi. Wameshashinda."

"Na wadai?"

"Mpwa alimuuliza Bibi. Bibi amesema uje."

Jumanne, 3 Juni

Wanaishi kwenye ukingo wa barabara, juu ya bonde, nyumba kama ishirini za mbao za mabaki. Miti ya kampuni inaanzia hatua chache nyuma ya choo cha mwisho, imenyooka kwa mistari. Tope limeanza kukauka.

Walikaa nje, watu wapatao sitini. Mwenyekiti alisoma aya moja, akanipisha, nami nikaisema kwa lugha yao. Mara mbili nilikosea neno, mwanamke mmoja akanisahihisha, na kuna waliocheka. Nilishukuru kwa kicheko kile kuliko wanavyojua.

Tukafika penye sentensi yenyewe: maelezo ya shahidi wa kwanza yanaonyesha kwamba wadai waliondoka. Nilisimama. Nilijua sauti ya kulitamka neno hilo jinsi Baraza lilivyoliandika, na sikuweza.

Bibi alikuwa mbele, kwenye mkeka wake. "Wameandikaje?" akauliza.

"Si ulivyosema wewe, Bibi."

"Sijakuuliza nilivyosema. Soma walivyoandika, watoto wasikie. Safari hii usiache hata neno."

Nikalisema, nikaishusha sauti mwishoni. Watu wakaguna. Bibi akaitikia kwa kichwa mara moja, nikaendelea mpaka mwisho.

Tulipokuwa tunaondoka, mpwa alinifuata kwenye gari. Alisema watakata rufaa, wana siku sitini. Akaniuliza kama namjua mtu yeyote mwingine, popote, aliyekuwepo siku ya kuondolewa. Kwao amebaki Bibi peke yake. Nikamwambia simjui.

Jumatano, 4 Juni

Leo nimemwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele mbele ya chumba chake. Nilianza kwa Kiswahili, nikaona aibu, nikahamia lugha yake. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

Nilimweleza shauri, Bibi, neno, kidole. Sikujipendelea. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja tu: huyo Bibi ana kovu chini ya jicho? Nikasema analo.

"Tulipanda naye lori moja," Mama akasema. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Kaka yake alikataa kutoka ndani, wakamtoa. Hakufika mjini akiwa hai. Sisi tulikuwa tumekalia magunia, askari wawili nyuma, na mvua inatunyeshea. Shangazi aliniambia nikifika mjini niseme nimekuja kusoma."

"Mama! Mbona hukuwahi kuniambia?"

Alinitazama bila hasira. "Ulinikataza kuongea, mwanangu. Nami hadithi hiyo naijua kwa lugha ile tu."

Kanuni ya thelathini na nne niliipiga chapa mara nne, naijua kwa moyo. Rufaa haitapokea ushahidi mpya, isipokuwa ule ambao usingeweza kupatikana mapema kwa jitihada za kawaida. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa Mama ni hatua kumi na moja. Nimezipima leo kwa miguu.

Wakili atauliza, nami nitaapishwa tena, na nitajibu kwamba shahidi huyu alikuwa nyumbani kwangu msimu wote wa mvua, akinipikia.

Hata hivyo nimempigia mpwa simu. Kisha nikaleta karatasi na kiti kifupi, nikakaa karibu na ungo wa Mama. Ameanza kwa kutaja vijito, kuanzia juu.